Nani Mwenye Wimbo? Kanda, Memori na Bando Huku Kyela

Kuna lalamiko moja nalikuta kila mara kwenye makala za wapenzi wa muziki: kwamba tangu tuanze kusikiliza kwa bando na programu za simu, hatumiliki tena chochote. Zamani ulinunua santuri, ikakaa kabatini, ukafa ukawaachia watoto. Leo unalipia mwezi, mwezi ukiisha na wimbo umekwisha. Lalamiko hili lina ukweli ndani yake, lakini limeandikwa na watu waliokuwa na makabati. Mimi nimezaliwa Busale, wilaya ya Kyela, nchi ya mpunga na kakao. Nyumba za kwetu zilizokuwa na kabati la santuri naweza kuzihesabu bila kuinua hata kidole kimoja.

Kwa hiyo nimejaribu kuisimulia historia hii kutokea kwetu, na swali langu ni jepesi tu. Je, kuna wakati wowote ambapo msikilizaji wa Kyela, au msanii wa Tanzania mwenyewe, aliwahi kuushika wimbo mkononi akasema huu ni wangu?

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri kwa ajili ya kampuni ya gramafoni ya Waingereza, zile zenye nembo ya mbwa. Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama ushindi, na ni ushindi kweli: mwanamke wa Fumba, binti wa familia iliyotoka utumwani, sauti yake inasikika mwambao mzima. Lakini angalia njia aliyopita wimbo. Umetungwa Unguja, umerekodiwa India, mwenye mashine ni Mwingereza, halafu unarudi kwa meli kuuzwa kwa watu wale wale uliotoka kwao. Njia hiyo ya kuzunguka imedumu karibu miaka mia moja. Kinachobadilika ni vituo tu.

Huku bara, kusini kabisa, santuri zilifika kwa miguu ya vibarua. Wanaume wa Unyakyusa walikwenda kuchimba dhahabu Lupa kule Chunya, wengine shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, wengine wakafika migodi ya Afrika Kusini. Wazee wa kwetu husimulia kwamba aliyerudi na baiskeli alisalimiwa, na aliyerudi na kinanda cha kuzungusha kwa mkono alitembelewa. Sahani zikiwa tatu au nne, basi kijiji kizima kilizijua kwa mikwaruzo yake. Hapo mwenye kinanda alimiliki chombo, lakini wimbo ulikuwa wa uwanja.

Halafu ikaja redio, na redio ndiyo iliyotulea. Sauti ya Dar es Salaam ilianza 1951, na kufikia 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam chini ya serikali. Kwa karibu miaka thelathini, Tanzania Bara haikuwa na kituo kingine mpaka Radio One ilipoingia hewani 1994. Nadhani hatujatafakari vya kutosha maana yake. Bendi ilikwenda studio ya RTD, ikarekodi, ikapewa malipo madogo, na mkanda ukabaki pale. Kiwanda cha kufyatua santuri hatukuwa nacho, hivyo aliyetaka santuri alipanda basi kwenda Nairobi, kama alivyofanya Mbaraka Mwinshehe, ambaye hata kifo chake, Januari 1979, kilimkuta upande ule wa mpaka, kwenye ajali ya gari karibu na Mombasa. Tena wanamuziki wengi walikuwa waajiriwa. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama, Polisi Jazz ya jeshi lenyewe. Mpiga solo wa bendi hizo hakumiliki gitaa alilolishika. Siku akihama bendi, gitaa linabaki, nyimbo zinabaki, yeye anaondoka na vidole vyake.

Sisemi haya kwa kubeza. Mfumo ule ulitupa zilipendwa, na mpaka leo sijasikia mfumo mwingine uliotupa zaidi. Ila tukisema leo wasanii wanaibiwa na majukwaa ya kidijitali, tukumbuke kwamba Marijani Rajabu, Jabali la Muziki mwenyewe, alifariki 1995 akiwa na jina kubwa kuliko mfuko.

Msikilizaji naye alikuwa wapi? Alikuwa kwenye kadi ya salamu. Wasomaji wadogo hapa hawatanielewa, lakini kulikuwa na kadi za kununua, unajaza jina lako, kijiji chako, majina ya unaowasalimu, na wimbo unaoutaka, unaituma kwa posta. Wiki zinapita. Halafu siku moja mtangazaji anataja jina la kijiji chako, Dar es Salaam yote inasikia. Kwetu jambo hilo lilizungumzwa mwezi mzima. Betri ziliisha nguvu, zikaanikwa juani juu ya bati zipate uhai wa saa moja zaidi, ili mtu asikose salamu zake. Usiniambie huyo hakuwa na uhusiano na muziki kwa sababu hakuwa na santuri.

Miaka ya themanini na tisini redio kaseti ikabadilisha mambo. Ghafla unaweza kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja na wimbo wa redio ukawa wako, pamoja na sauti ya mtangazaji anayeingilia mwishoni na jogoo wa jirani. Sheria ya hakimiliki ilikuwepo tangu 1966, lakini kwetu hakuna aliyejua kama kunasa wimbo ni kosa. Vibanda vya kudurufu kanda vilifunguliwa hadi Kyela mjini. Kanda iliyokwama ilirudishwa kwa kalamu ya Bic, iliyokatika iliungwa kwa rangi ya kucha. Kwetu zilifika pia kanda za Malawi na Zambia, kwa kuwa Mto Songwe si bahari, na kuna nyimbo za Kichewa ambazo mpaka leo naziimba bila kuelewa nusu yake.

Hapa nataka kusimama kidogo, maana ndipo nilipo mimi. Nilipokuwa shule ya msingi, mwishoni mwa miaka ya tisini, tulikuwa na madaftari ya nyimbo. Si la somo. Daftari la pembeni, lililofunikwa kwa gazeti, lenye mashairi ya Bongo Fleva yaliyoandikwa kwa mkono. Mr. II alikuwa ametoa "Niite Mr. II" mwaka 1998 na "Nje ya Bongo" mwaka uliofuata, na kwa sisi watoto wa mkoa wa Mbeya yule alikuwa mtu wetu. Kanda moja ilizunguka labda nyumba kumi. Ikifika zamu yako, unakaa na redio: unasikiliza mstari, unasimamisha, unaandika, unarudisha nyuma, unagundua ulisikia vibaya, unafuta. Ubeti mmoja ulikula alasiri nzima. Neno usilolijua ulimuuliza kaka aliyewahi kufika Dar. Mwaka 2001 "Machozi, Jasho na Damu" ya Profesa Jay ilipotufikia, niliandika kurasa nyingi kuliko nilizoandika kwa somo lolote muhula ule.

Nimesoma chuo kikuu, nimeandikia magazeti, lakini kazi ya kwanza ya uhariri niliyowahi kufanya ni ile: kuamua pale msanii aliposema haraka, alisema nini. Tulibishana. Kulikuwa na matoleo tofauti ya wimbo mmoja, la darasa la sita na la darasa la saba. Daftari la rafiki yangu lilikuwa na mistari isiyokuwepo kwenye wimbo wowote, na sisi tuliijua kama mistari halali mpaka siku tuliposikia kanda halisi. Huo kwangu ndio umiliki wa kweli niliowahi kuwa nao juu ya wimbo: nimeuandika, nimeukosea, nimeurekebisha. Haukunigharimu zaidi ya wino na betri, na msanii hakupata hata senti moja. Mambo yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na sijui jinsi ya kulifuta moja ili lingine likae vizuri.

Maana yule msanii alikuwa anahangaika. Kwenye majalada ya kanda tulisoma majina ya wasambazaji wa Kariakoo, GMC, Mamu, tukadhani ni sehemu ya bendi. Mtindo wa biashara ulikuwa msanii kupeleka kazi yake iliyokamilika kwa msambazaji, wakakubaliana fedha ya mkupuo au kiasi kwa kila nakala, na idadi ya nakala aliijua msambazaji peke yake. Msanii angehesabuje? Sugu, yule yule Mr. II, alilisemea jambo hilo miaka mingi kabla na baada ya kuwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010. Saida Karoli, aliyeitikisa nchi mwaka 2001 kwa albamu ya Kihaya iliyopendwa hata Kyela ambako hakuna anayejua Kihaya, baadaye alieleza hadharani jinsi alivyonufaika kidogo na umaarufu ule. Mwaka 2016 Diamond Platnumz alipoutengeneza upya wimbo wake kwa jina la "Salome", akiwa na Rayvanny, jina la Saida likafufuka. Rayvanny jina lake halisi ni Raymond Mwakyusa, na nitaomba msamaha kwa wasio wa kwetu kwa kulitaja hilo. Hatuna mengi ya kujivunia.

Sheria mpya ya hakimiliki ilipitishwa 1999, COSOTA ikaanza kazi 2001. Mwaka 2013 serikali ikaleta stempu za kodi za kubandikwa kwenye kanda, CD na DVD ili kuzitambua zilizo halali. Wazo zuri, lakini lilifika wakati msafara umeshaondoka. Kufikia mwaka ule huku kwetu nani alikuwa ananunua CD? Tulikuwa na memori kadi.

Enzi ya memori haina mwandishi wake, na inastahili. Kijana ana kompyuta moja, spika mbili zinazoelekea barabarani, na bango la mkono: TUNAINGIZA NYIMBO. Unampa simu yako ya mchina, unamwambia unachotaka, au unamwambia tu "nijazie" na kumwachia achague. Kwa shilingi mia tano ulitoka na nyimbo nyingi kuliko kanda zote ulizowahi kugusa maishani. Ukifika nyumbani unawarushia wenzako kwa Bluetooth. Zilikuja zimeandikwa majina ya ajabu, Track 04, Unknown Artist, au jina la tovuti zilikoibiwa. Watu wamezipenda nyimbo miaka kumi bila kumjua aliyeziimba. Kwa mtazamo wangu, huo ndio wakati daftari lilipokufa, na lilikufa kabla ya hizi programu za kulipia. Ukiwa na nyimbo mia nne hukai na wimbo mmoja alasiri nzima.

Wakati sisi tunarushiana, wenye akili waligundua kwamba simu yenyewe ni duka. Wimbo ukawa mwito wa simu: anayekupigia anasikia kiitikio, wewe unakatwa salio. Mwana FA na AY walikuta nyimbo zao "Dakika Moja" na "Usije Mjini" zinatumika hivyo bila ridhaa yao, wakaenda mahakamani, na Aprili 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala ikaamuru kampuni ya Tigo iwalipe zaidi ya shilingi bilioni 2. Kesi ikapanda ngazi za rufaa, mambo ya wanasheria. Lakini siku ile niliiona kama mara ya kwanza nchi nzima kusikia kwamba wimbo una bei ya mbele ya hakimu. AY anaitwa Ambwene Yesaya, na mtu wa Kyela akisikia Ambwene hahitaji kuelezwa. Mwana FA, Hamis Mwinjuma, leo ni mwanasiasa. Mwaka 2023 aliteuliwa naibu waziri wa wizara ile ile inayosimamia sanaa. Na kabla yake wizara hiyo iliwahi kuongozwa na mbunge wetu, Dk. Mwakyembe. Inaonekana sisi hatukosi watu mezani. Tatizo ni sahani.

Halafu majukwaa. Mdundo kutoka Nairobi, Mkito ya hapa hapa Bongo, Boomplay iliyoanza Nigeria 2015 na kuja ndani ya simu za Tecno tayari, Wasafi.com ya 2017, Spotify iliyotangaza kuingia kwetu Februari 2021. Na juu ya yote YouTube, ambako Juni 2020 Diamond alitangazwa kuwa msanii wa kwanza kusini mwa Sahara kufikisha watazamaji bilioni moja.

Nimekaa na kijana mmoja anayeimba, wa Ipinda, akanionyesha kwenye simu yake takwimu za wimbo wake. Anaona umesikilizwa mara ngapi, katika mji gani, na umri wa wasikilizaji. Ana watu Lilongwe. Ana mtu Muscat, mmoja, ambaye anarudi kila wiki, na tulikaa tukimjadili: ni msichana wa kazi? ni baharia? Hakuna Mbaraka wala Marijani aliyewahi kuona kitu kama hicho. Msambazaji wa Kariakoo aliificha idadi, simu inaionyesha. Hilo ni badiliko kubwa na anayelidharau hakuwahi kuuza kanda.

"Sasa inakulipa shilingi ngapi?" nikamuuliza.

Akacheka. "Kaka, inanilipa kujulikana."

Fedha yake anaipata kwenye harusi, kipaimara na sherehe za wenye kakao msimu wa mauzo ukiwa mzuri. Wimbo umekuwa kadi ya biashara. Hata huko juu fedha si za kutisha: Januari 2022 COSOTA ilipogawa mirabaha ya nyimbo kuchezwa redioni na kwenye televisheni, zilikuwa shilingi milioni 312 kwa wasanii 1,123. Gawanya mwenyewe, ni kama laki mbili na elfu themanini kwa kichwa, bei ya magunia machache ya mpunga.

Na msikilizaji? Binamu yangu Busale ana bando la siku. Analinunua jioni, anapakua nyimbo ndani ya programu, asubuhi anasikiliza shambani. Anamjua msanii kuliko sisi tulivyowajua wa kwetu: anajua amekula nini, amegombana na nani, anamwandikia chini ya picha na siku moja alijibiwa kwa alama ya moyo. Nikamwuliza anachukuliaje nyimbo zile, ni zake? Akanitazama kama nimemuuliza kama mvua ni yake. Lakini Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilipozimwa nchi nzima na kukaa siku kadhaa bila kurudi, alikwenda kwa jirani mmoja mwenye flashi ya zamani, akaichomeka kwenye sabufa. Nyimbo za 2012. Vijana walijaa pale kama kwenye kinanda cha mtu wa Lupa.

Nimeacha kwaya kwa makusudi, kwa sababu kwaya ndiyo iliyonifanya niandike.

Kyela ni nchi ya kwaya, za Kimoraviani na Kilutheri na nyingine nyingi. Tangu zama za kanda, kwaya ilikuwa na uchumi wake safi kabisa. Wanarekodi, wananunua nakala zao, wanauza mlangoni mwa kanisa baada ya ibada. Unanunua kutoka mkononi mwa mama aliyeimba sauti ya pili. Hapakuwa na msambazaji, hapakuwa na hesabu ya kificho. Fedha zilinunua kinanda, sare, na jeneza mwanakwaya akifiwa. Kwa muda mrefu hao ndio waliokuwa wamiliki pekee wa muziki wao niliowafahamu.

Kuna kwaya moja, sitaitaja, ambayo miaka kadhaa iliyopita ilipiga video. Kijana aliyewapigia aliwafungulia chaneli YouTube kwa barua pepe yake na namba yake ya simu, bure, kwa moyo mzuri. Video ikapendwa. Kijana akahamia mkoa mwingine, simu ikapotea, namba ikafa na nenosiri likaenda nayo. Chaneli ipo. Ina jina la kwaya, sura za kwaya, wimbo wa kwaya, na kila wiki watazamaji wanaongezeka. Chini yake watu wanaandika kutoka Dar, Lusaka, sehemu nyingine wanaandika Kinyakyusa. Wanauliza albamu ya pili itatoka lini. Mmoja ameandika kwamba mwimbishaji aliye mbele kwenye video ni mama yake mzazi, amefariki, na anaomba apate video kamili bila kukatwa. Hakuna anayeweza kumjibu. Wanakwaya wanayasoma maombi hayo kwenye simu za watoto wao, kama wageni.

Katibu wao, mama wa umri wa mama yangu, aliniita nisaidie kwa kuwa mimi ni mtu wa habari. Tulijaribu mara tatu. Kila tunapofika, mtandao unataka namba itumwe kwenye simu ambayo haipo.

"Kwa hiyo mwanangu," akasema, "wimbo ni wetu lakini mlango ni wa nani?"

"Mlango ni wa kampuni, mama. Funguo zilikuwa kwa yule kijana."

"Na wanaobisha hodi ni wageni wetu."

"Ndiyo, mama."

Alikaa kimya, akasema "ndaga", akafunga kitambaa chake na kurudi mazoezini. Yule mwenye mama aliyefariki nilimwandikia mimi kwa jina langu, nikamwambia asubiri. Video halisi ilikuwa kwenye diski moja ya zamani kwa mpiga kinanda, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni dhidi ya unyevu, na ilifunguka. Jumapili iliyofuata kwaya iliuza flashi mlangoni mwa kanisa, shilingi elfu kumi kila moja, zikiwa na jina la kwaya kwa kalamu nyeupe. Zilikuwa thelathini, zikaisha kabla ya tangazo la pili. Moja imepelekwa stendi, imekabidhiwa kondakta wa basi la Dar.